Tumelisha Hadi Ngitili

Mzee alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, mgongo kaegemeza ukuta wa ghala, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kifaranga. Ilikuwa asubuhi ya msimu wa pamba, kwenye chama cha msingi kimoja kati ya Bariadi mjini na Dutwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwafundisha makarani utunzaji wa kumbukumbu, kazi ninayoifanya katika wilaya za Simiyu kwa miaka kadhaa sasa.

"Mwangaluka, babu. Mbona umejitenga?"

"Nangoja hela yangu itoke humu," akasema, akiinyanyua simu kidogo.

"Haijaingia?"

"Imeingia. Karani kaniambia imeingia tangu juzi. Ila mwenye namba ya siri ni mjukuu, na mjukuu kaenda Mwanza kutafuta kazi."

"Si umpigie?"

"Kioo kimekufa. Namba yake imo humuhumu."

Tukaanza kuulizana pale ghalani. Baba mzazi wa kijana hakuwa na namba ile kichwani. Bibi yake hakuwa nayo. Rafiki yake mwenye bodaboda alikuwa nayo, lakini kwenye simu aliyoiuza. Nilitaka kucheka, kisha nikajipima mwenyewe kimyakimya: ya nani ninayoijua bila kufungua simu? Nilipata moja tu, ya dada yangu, nayo ni ya laini aliyoiacha zamani.

Pamba ya mzee yule ilipandwa Novemba, ikapaliliwa, ikanyunyiziwa dawa ya mkopo, ikachumwa kwa vidole, ikabebwa hadi mizani. Safari yote hiyo ilikamilika. Iliyobaki ilikuwa hatua ya mwisho, kutoka kwenye kioo kilichokufa hadi kwenye kiganja kilichokuwa kimekishika. Umbali wa unene wa kioo, na haukupitika.

Wanaoandika kuhusu hatari za simu janja huanza na muda: vijana wanakesha nayo, watoto hawasomi, mume na mke wanakula chakula kimoja kila mtu akitazama kiganja chake. Ni kweli, na yana mahali pake. Lakini kwa mkoa kama wetu naona hatari kubwa iko kwingine. Mtu anaweza kuitumia simu yake nusu saa tu kwa siku na bado akawa ameitegemea kupita kiasi, kama mzee yule. Swali la kumuuliza mtu ni hili: ikizimika leo, umebaki na nini?

Nyasi za masika

Wasukuma wana jibu la swali hilo, walilipata kabla ya simu, nalo linaitwa ngitili. Mvua zikianza, nyasi zikiwa tele kila mahali, mwenye nyumba hutenga kipande cha malisho akakifunga. Ng'ombe hawaingii. Jirani akiona nyasi zimefika kiunoni na ng'ombe wako wanapita pembeni, haulizi, anajua. Kipande hicho kitafunguliwa kiangazi kitakapokausha kila kitu kingine, ili ndama na ng'ombe wanaonyonyesha wavuke hadi mvua nyingine. Ufundi wake wote uko kwenye wakati wa kufunga. Unafunga siku ambayo huhitaji kufunga.

Desturi hii iliwahi kukaribia kufa. Misitu ilifyekwa kuwamaliza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuhamishiwa kwenye vijiji katika miaka ya 1970 kukavunja mipaka ya ngitili nyingi. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ya wakati ule, ambayo ndani yake zilikuwamo Bariadi, Maswa na Meatu, ilikuwa inaelekea ujangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mradi uliwahimiza watu kupanda miche, lakini somo kubwa lililopatikana ni kwamba kurudisha ngitili kulizaa matunda zaidi, kwa sababu watu walikuwa wanarudishiwa kitu chao. Ardhi ikapona kwa maelfu kwa maelfu ya hekta.

Simu janja imetukuta katika masika ya namna yake. Bando linapatikana kibandani, wakala yuko kila kona, mnara unaonekana kutoka shambani. Nyasi ni nyingi, basi tumefungulia ng'ombe wote: fedha, vitambulisho, stakabadhi, namba za ndugu, habari za msiba, picha za marehemu, mahesabu ya duka. Hatukufunga kipande hata kimoja.

Nisieleweke vibaya

Sitaki mtu yeyote arudi tulikotoka, maana huko nimekuona. Nimeona fedha za pamba zikisafirishwa kwenye mifuko, watu wazima wakilala nje ya ghala siku mbili wakingoja mnunuzi, na mkulima akirudi nyumbani usiku na noti kiunoni akihesabu kila kichaka. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, iliondoa mzigo ambao benki hazikuwahi kuufikia vijijini. Mwishoni mwa 2024 akaunti za fedha kwa simu nchini zilikuwa zimevuka milioni 60. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na kwa vijiji vinavyopakana na Serengeti na Pori la Akiba Maswa mnara hauhusiani na starehe: tembo wakiingia shambani usiku, dakika ya kumpigia askari wa wanyamapori ina thamani ya gunia zima la mahindi.

Simu ni malisho mazuri. Ngitili haijawahi kuwa katazo la kuchunga, ni utaratibu wa kuchunga.

Vitu vitano kwenye uzi mmoja

Tuanze na fedha, maana ndiko msiba wa mzee ulikoanzia. Ili shilingi itoke kwenye simu iingie mkononi, vitu vitano lazima viwe hai kwa wakati mmoja: chaji, mtandao, laini, namba ya siri, na wakala mwenye keshi.

Kila kimoja kina sababu zake za kufa. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, hukaa siku tatu bila kuomba chaja. Simu janja ikivuka magharibi ni bahati. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujawashwa Februari 2024, uliwakumbusha wengi kwamba hata mnara unakula umeme. Laini inaweza kufungwa. Namba ya siri inaweza kusahauliwa au kuondoka na mjukuu.

Wakala naye ana kalenda yake, na wengi hawajaiangalia vizuri. Pamba inapolipwa, kijiji kizima kinataka kutoa fedha wiki hiyohiyo. Wakala ni jirani yako mwenye mtaji wa duka. Keshi yake inaisha saa nne asubuhi. Anapanda bodaboda kwenda Bariadi kutafuta noti, anarudi nazo kwenye begi kupitia barabara zilezile ambazo mkulima zamani alizipita akiwa na hofu. Hatari ya njiani haikufutwa, imehamishiwa kwake. Ikifika wakati wa ada na mbegu, watu wakitaka kutuma na kulipia, wakala huyohuyo hujibu kinyume: "Keshi ninayo, floti imeisha."

Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme kila kimoja kati ya vitu hivyo vitano ni kizima siku tisa katika kila siku kumi. Ukikitazama peke yake utakisifu. Sasa vizidishe: uwezekano wa kuvikuta vyote vitano vizima siku moja ni kama siku sita katika kumi. Ndiyo maana tunahisi simu "inasumbua" ingawa kila kampuni, kila fundi na kila wakala anaweza kukuonyesha kwamba upande wake uko sawa. Wote wanasema kweli. Uzi ndio mrefu.

Mwenye hisa kwenye kikundi cha akina mama anaijua hesabu hii kwa njia nyingine. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kufuli hizo zimewekwa ili mmoja asiibe, lakini zimekuja na faida ya pili: kila Jumamosi, mbele ya wanachama wote, watu wanahesabu, wanataja kwa sauti, wanakumbuka. Fedha iko kwenye sanduku, kwenye daftari, na kwenye vichwa thelathini. Simu ya mzee ilikuwa na kufuli moja, na ufunguo ulikuwa Mwanza.

Kidole cha nani?

Nilipomsindikiza mzee kwenda mjini, nikitumaini kwamba namba ya siri itabadilishwa kwenye meza ya huduma, tulikutana na ukuta mwingine. Laini haikuwa yake. Iliandikishwa kwa jina la mjukuu.

Sababu yake nilikuwa nimeiona mahali pengi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mashine ilimtaka mzee aweke kidole. Akaweka. Haikusoma. Akafuta kwa kanga ya bibi, akaweka tena. Haikusoma. Mpini wa jembe ukimsugua mtu miaka hamsini humwachia kiganja kisicho na mistari ya kusomeka. Basi mjukuu akaweka chake, kikasoma mara moja, kila mtu akafurahi, foleni ikasogea. Kuanzia siku ile, kisheria, fedha ya mzee ilikuwa inaingia kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Mjukuu huyu ni mtoto mwema. Shida ilikuwa umbali tu. Wapo ambao vidole vyao vimetumika vibaya. Mtu anakwenda kwa msajili wa barabarani, anaambiwa "weka tena, haijasoma", anaweka mara ya pili, na ile ya pili imesajili laini ya mtu asiyemjua. Laini ya namna hiyo ndiyo inayotuma ule ujumbe ambao kila Mtanzania ameshaupokea: ile hela tuma kwenye namba hii.

Ujumbe huo haumjui anayeupokea. Unatumwa kwa maelfu, ukimtafuta mmoja ambaye kweli anadaiwa na kweli amesema asubuhi hiyo "nitakutumia". Mjini atakuwa mpangaji mwishoni mwa mwezi. Kwetu Simiyu atakuwa mkulima wiki ya malipo, mwenye deni la dawa, mwenye vibarua mlangoni, mwenye fedha nyingi kwenye simu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwa miaka kadhaa taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli wa laini, lakini anayetapeliwa anaweza kuwa Itilima, kwenye kivuli cha mkwaju wake. Kinga mbili hazigharimu bando. Ya kwanza ni kupiga nyota mia moja na sita reli, uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ya pili ni kuipeleka namba ya tapeli kwenye 15040. Zinafanya kazi hata kwenye kitochi, na makarani wengi niliowafundisha walikuwa hawazijui.

Dhamana ni majina ya watu

Sehemu ya tatu tuliyoilisha ni jina la mtu. Zamani ukikopa kijijini, dhamana ilikuwa ng'ombe, baiskeli, au neno lako mbele ya jirani. Programu za mikopo ya haraka hazikuulizi ng'ombe. Zinakuomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yako, nawe unabonyeza "kubali" kwa sababu bila kubonyeza hakuna mkopo. Siku ukichelewa, mkwe wako anapokea meseji kwamba wewe ni mwizi. Mchungaji anapokea. Mwalimu wa mtoto anapokea. Dhamana uliyoiweka ilikuwa heshima yako, na hukujua kwamba uliikabidhi.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kulalamika taarifa zake zinapotumiwa hivyo. Hatua hizo ni njema. Ila sheria humfikia tapeli baada ya mkwe kusoma meseji, na kwenye kijiji ambako watu wanaazimana majembe, meseji hiyo haifutiki kwa tangazo la benki.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wanaonaswa mara nyingi walikuwa na njia nyingine. Kikundi cha hisa kipo. Shangazi yupo. Lakini kukopa kwa shangazi kunataka uende, usalimie, ukae, ueleze. Simu haitaki maelezo. Tumeacha kutumia mlango wa shangazi hadi bawaba zikapata kutu.

Mwano umehamia kwenye kundi

Katika vijiji vyetu hatari ilikuwa na sauti. Ng'ombe wakiibwa, mwano, yaani yowe la hatari, ukapigwa, aliyeusikia anaupokea na kuupiga mbele, na sungusungu wanatoka na walichonacho. Hakuna aliyehitaji kuwa mwanachama ili ausikie. Masikio yalitosha.

Leo taarifa ya kitongoji iko kwenye kundi la WhatsApp. Msiba hutangazwa huko, mkutano huitishwa huko, mvua ya mawe iliyotabiriwa husambazwa huko. Simu janja bado hazijafika kwa nusu ya Watanzania, kwa hiyo kila tangazo linalokaa kwenye kundi peke yake linaacha nje watu wengi kuliko linaowafikia. Mara nyingi wanaoachwa ni walewale: mama mzee, mchungaji wa mifugo, kijana aliyeishiwa bando. Nimewahi kuhudhuria mazishi ambapo jirani wa nyumba ya tatu alifika akikimbia, jembe begani, kaburi likiwa limeshafukiwa. Hakuna aliyemficha. Kila mtu alidhani ameona kwenye kundi.

Kundi lenyewe nalo halina mizizi kwetu. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mtu wa Bariadi hajawahi kuiona bahari, lakini siku ile meseji yake kwa mtu wa Somanda, mtaa wa pili, ilikuwa inaingoja bahari. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Sitaingia hapa kwenye siasa ya jambo hilo. Nachukua somo moja la kiufundi: mara ya kwanza ulikuwa waya uliokatika, mara ya pili ulikuwa uamuzi, na kwa mtu aliyeweka kila kitu mtandaoni matokeo yalikuwa yaleyale. Kama una mlango mmoja, huna haja ya kujua nani kaufunga ili ujue kwamba uko nje.

Siku zile aliyekuwa na redio ya betri alikuwa tajiri wa habari. Maswa wana Sibuka FM, na redio ya mkoa ina sifa ambayo kundi halina: haikuulizi umejiunga lini.

Kichwa kisichobeba

Kila ninapoanza mafunzo huwaomba makarani waweke simu mezani kifudifudi, kisha waandike kwenye karatasi namba tatu za watu ambao wangewapigia wakipata ajali njiani Lamadi. Vicheko huanza. Halafu kimya. Kisha mtu anauliza kama anaweza kutazama kidogo tu. Wanaomaliza namba tatu huwa wachache mno, na karibu wote ni watu wazima waliowahi kukariri namba wakati vocha ilikuwa inakwanguliwa kwa kucha.

Mwaka 2011 mtafiti Betsy Sparrow na wenzake walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akijua taarifa itahifadhiwa kwenye kompyuta, huikumbuka kidogo taarifa yenyewe, na hukumbuka zaidi ilikowekwa. Jambo hili si ugonjwa. Hivyo ndivyo akili ilivyo: haibebi ambacho ina hakika kimebebwa. Mume alikuwa akiachia mke kukumbuka siku za kuzaliwa, mke akimwachia mume mipaka ya shamba. Tofauti ni kwamba mke ukimpoteza sokoni, unaweza kuita jina lake.

Kwa makarani hasara hii ina uzito wa kilo. Nimekuta chama ambacho karani alikuwa anapiga picha ukurasa wa daftari la mizani na kuituma kwenye kundi la viongozi, kisha kwa kuwa "ipo kwenye simu", daftari lenyewe likaachwa lilowe kwenye ghala linalovuja. Simu iliibwa mnadani. Wakulima walipokuja kudai tofauti ya kilo, ushahidi ulikuwa kwenye mfuko wa mwizi. Ile stakabadhi nyembamba ya karatasi, ambayo bibi mmoja aliikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga, ndiyo iliyokuwa kumbukumbu pekee iliyosalia kwenye kitongoji kile, na kwa stakabadhi hiyo alilipwa. Wenzake walibishana hadi msimu mwingine.

Mlango mmoja

Hadi hapa nimeongea kana kwamba kosa ni la mtu mmoja mmoja. Si hivyo. Ngitili ya familia haiwezi kusimama kama kijiji kizima hakiiheshimu, ndiyo maana kuna ngitili za familia na kuna za jumuiya.

Nenda Nyakabindi wakati wa Nane Nane. Viwanja vile, vilivyobeba maadhimisho ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, vimejaa maarifa ya kweli: mbegu, mbuzi wa maziwa, majembe ya kukokotwa. Lakini kwenye banda baada ya banda utasikia maneno yaleyale: pakua programu yetu. Ruzuku, ajira, matokeo ya mtoto, namba ya kulipia huduma, vyote vinahamia kwenye kioo, na kila ofisi ikihamia hujiona imeokoa gharama. Haioni kwamba gharama imekwenda kukaa kwa mwananchi, anayelipa bando, anayelipa stationari ya mjini kumsaidia kujaza fomu, na anayemkabidhi mgeni namba yake ya siri kwa sababu hana mwingine wa kumsomea.

Kanuni yangu ni moja: simu iwe mlango wa mbele, kamwe isiwe mlango pekee. Kwa chama cha msingi, maana yake ni orodha ya malipo kubandikwa ukutani mwa ghala siku ileile inapotumwa. Stakabadhi ya karatasi kila anapopima mtu. Jina la mlipwaji kulinganishwa na jina la mwenye laini kabla ya msimu, si baada. Na mkulima ambaye kidole chake hakisomeki kupewa nafasi ya kulipwa benki kwa kitambulisho au mbele ya mashahidi. Kwa serikali ya kijiji, tangazo lolote la kundini lisomwe pia msikitini, kanisani na kwenye mbao za matangazo. Kwa shule, mtoto amalize darasa la nne akiwa na namba tatu za ndugu zake kichwani kama anavyokariri jedwali la kuzidisha.

Na nyumbani? Fungeni kipande wakati nyasi ni nyingi. Namba tano ziandikwe nyuma ya mlango kwa mkaa au kalamu. Kitochi chenye laini ya pili kikae kabatini kimejaa chaji. Kinapiga nyota na reli bila bando. Laini iwe ya mwenye fedha. Namba ya siri iwe ya mwenye fedha. Fedha ya wiki moja ikae nje ya simu, na akiba ya mwaka isikae kwenye kitu kimoja, iwe noti, iwe simu, iwe benki. Usukumani tulishajua kukausha viazi kuwa michembe mwezi ambao viazi vibichi vilikuwa bado vinaoza shambani kwa wingi. Aliyekausha hakuwa mwoga wa viazi.

Mbuzi

Sijawaambia mwisho wa habari ya mzee.

Mjukuu alipiga simu siku ya tisa, kwa jirani, kuuliza hali ya nyumbani. Namba ya siri ikasemwa, laini ikahamishiwa kwenye kitochi cha kuazima, fedha ikatoka, ikiwa kamili hadi shilingi ya mwisho. Ukiitazama kwenye mfumo, hakuna kilichotokea. Hakuna malalamiko, hakuna hasara, muamala ulifanikiwa.

Lakini vibarua waliochuma pamba ile hawakungoja siku tisa. Walifika nyumbani kwake jioni ya siku tuliyotoka mjini, wakakaa uani, wakasema wana watoto. Mzee hakubishana. Alikwenda zizini, akatoa mbuzi wawili, asubuhi wakaenda mnadani, akauza kwa bei ya mtu mwenye haraka, akalipa kila mmoja chake. Alinieleza hayo baadaye bila majuto, kama mtu anayeeleza kwamba mvua ilinyesha akaingia ndani.

Mbuzi hana namba ya siri. Hazimwi, hahitaji wakala, na kidole kilichosuguliwa na jembe kinatosha kumshika kamba. Mzee alivuka kwa sababu, pamoja na simu yake yote iliyokufa, alikuwa bado anaishi kwa mazoea ya watu wanaofunga kipande cha malisho.

Juzi nilionana na mjukuu stendi ya Bariadi. Amepanga chumba mjini, anafanya kazi ya kusambaza mizigo, anakula vizuri. Mshahara, kodi ya nyumba, akiba, michango ya harusi za wenzake, namba za ndugu, vyeti alivyovipiga picha, vyote vimo kwenye simu mpya, nzuri, yenye kioo kikubwa. Nilimuuliza kama anaikumbuka namba ya babu yake. Akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni.

Mbuzi hana.